Nyani wa Kike

Wanaume watatu wenye vyeti vya kidato cha sita walishindwa kutengeneza mwizi. Siwaonei. Mmoja wao nimezaa naye.

Walikuwa wanatengeneza gemu ya kompyuta kwenye chumba cha nyuma cha steshenari, Nyahanga, hapa Kahama. Ni gemu ya kambi mbili za wachimbaji. Wewe unajenga yako, mwenzako anajenga yake muda uleule, hakuna kusubiriana zamu: unachimba duara, yaani shimo la dhahabu, unapeleka mawe kwenye karasha yasagwe, unaweka walinzi, unaongeza watu. Anayetangulia kupata dhahabu ya kutosha ndiye mshindi. Mume wangu aliandika kanuni zote za ndani, mwenye steshenari alitoa kompyuta, na mdogo wa huyo mwenye steshenari alichora.

Mambo yaliharibika walipoweka nyani. Huku machimboni nyani ni mtu anayeingia kwenye duara la mwenzake kuiba mawe. Wao nyani wao walimfanya mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kwa hoja kwamba mlinzi hapekui mama mwenye mtoto. Mchoraji akanichora mimi. Alidhani sitajua. Kitenge kilikuwa changu, na ule mwendo wa kuinamia mbele kidogo ni wangu tangu nilipojifungua kwa upasuaji.

"Shemeji, mbona unajiona kila mahali," aliniambia.

Huyo mwanamke alikuwa hashindiki. Anayemtuma kwanza anashinda, basi, gemu imekwisha. Wakampunguzia mwendo. Wakampunguzia kiroba mpaka akawa anabeba mawe ya kujaza kofia. Wakamfanya mtoto alie ili walinzi washtuke. Wakaleta mbwa. Bado anashinda. Wakawa wanakaa pale wamekunja nyuso, wanabishana mtoto alie kwa nguvu kiasi gani, utadhani bungeni.

Mimi ndiye niliyekuwa nawajaribia, kwa sababu nawafunga wote. Mume wangu alikuwa anasema nina bahati. Siku moja nilimtuma yule mwanamke kwenye duara la mchoraji, nikasahau kumwamuru abebe. Akasimama tu pale kwenye mdomo wa duara. Hakugusa jiwe. Duara likakauka, likaacha kutoa dhahabu.

Nikamuuliza mume wangu kulikoni. Hakunitazama hata.

"Si amesimama kwenye mdomo wa duara."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo dhahabu inakimbia."

Alisema hivyo kama unavyosema mvua inalowesha. Huku kwetu mwanamke hasogei kwenye mdomo wa duara. Wanasema akisogea, dhahabu inazama. Nimekua nikilisikia hilo. Nilidhani mtu aliyesoma fizikia analisikia kama nilivyolisikia mimi, maneno tu. Kumbe aliliandika kabisa siku ile alipotengeneza maduara, pamoja na maji yanayojaa na magogo yanayooza, kabla hata hawajawaza mwizi. Ndiyo maana muda wote ule hakuna aliyekwenda kulitazama. Walihangaika na miguu ya mwanamke, na kiroba chake, na kilio cha mtoto wake.

"Itoe hiyo kanuni," nikasema.

"Hiyo siyo kanuni. Ndivyo dhahabu ilivyo."

"Shem, tukiitoa wachimbaji watatucheka," akasema mwenye steshenari. "Watasema imetengenezwa na watu wa Dar."

"Na huyu niliyembeba? Ni wa kike. Naye anaifukuza, au mpaka avunje ungo?"

Mchoraji akacheka. Mume wangu hakucheka.

"Duara la baba kule Segese lilikufa lini?" akasema. "Si baada ya wewe kufika pale na mimba, unaleta chakula."

Kwa hiyo alikuwa nalo jambo hilo moyoni. Alilala nalo pembeni yangu, akanishika mkono hospitali akiwa nalo, akala ugali wangu akiwa nalo.

Wiki hiyo alikuja mgeni kutoka Mwanza, mtu mwenye vyumba vya gemu, kutazama kama inafaa. Nikaambiwa nimchezeshe, ila nisimfunge upesi. Nikatengeneza wanawake. Kila duara la mgeni nikalipelekea mmoja, nikawaambia wasimame. Hatukuiba hata kokoto. Maduara yake yakakauka yote kabla karasha yake haijasaga chochote.

Mgeni akaweka mikono mapajani. "Hawa kina mama wamefanya nini?"

"Waulize," nikasema.

Mume wangu alikuwa anatazama kibodi. Mwenye steshenari akakohoa. "Ni mila za wachimbaji, mzee."

"Mila gani?"

Ikabidi aieleze yote, kwa sauti, mbele ya mtu wa watu, nami nimekaa palepale na mtoto ananyonya.

"Na ninyi mnaamini?"

"Hapana," wakasema wote watatu, haraka. Mume wangu akaongeza, "Ni ya kwenye gemu tu."

Mgeni akawaambia waitoe, ndipo wamwite. Ikatolewa siku hiyohiyo. Nyani akawa mwizi wa kawaida: mara anafanikiwa, mara anakamatwa na kiroba chake.

Jumapili tukaenda Segese. Baba mkwe alikuwa amefungua duara jipya, tunampelekea chakula. Mume wangu akamwambia bodaboda asimame barabarani, mbali na kambi.

"Ningojee hapa na mtoto."

"Ulimwambia mgeni huamini."

"Usianze."

"Nenda kamwambie na baba yako. Mwambie duara lile liliisha lenyewe, siyo mimi. Mwambie nikiwa nasikia."

Akawa ameshika hotpoti, anatazama kule baba yake alikokaa. "Mzee hawezi kuelewa."

"Sijakuomba aelewe. Nimekuomba useme."

Akaenda peke yake. Nilimwona anaamkia, anafunua chakula, anacheka na kitu alichoambiwa. Bodaboda alikuwa bado hajazima pikipiki. Nikapanda, nikamwambia anirudishe Kahama, kwa mama yangu.

"Na bosi je?"

"Ana miguu."

Niko kwa mama mpaka sasa. Mume wangu huwa anakuja, analeta maziwa ya mtoto, anakaa kwenye kigoda na kuniambia gemu imekaa sawa, mgeni ameichukua, nyani hamsumbui mtu tena. Namuuliza kama ameshaongea na baba yake. Anainama, anamchezesha mtoto.