Mawe ya Miguuni

Ardith Gaither alikuwa na tabia ya kuwamalizia watu sentensi zao. Ukimwendea kumwambia kwamba mierezi imekuvamia malishoni, hujafika nusu ameshakueleza imeota wapi, kwa nini ulizembea mpaka ikakomaa, na kwamba atakuja Jumanne. Na Jumanne anakuja kweli! Sisi wa milima hii ya Ozark tulimvumilia mdomo wake kwa sababu ya kazi ya mikono yake. Alipika chakula cha watoto wa shule mpaka akastaafu, na badala ya kukaa barazani kumenya maharage kama wenzake, akanunua trekta dogo la rangi ya chungwa, akalifunga makucha ya chuma mbele, akaanza kuwasafishia watu mashamba.

Makucha yale ni mataya mawili. La chini lina meno marefu ya kuchimbua, la juu hushuka kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na injini, likabana. Mti uliokatwa, pamoja na matawi yake yote, unafumbatwa na kubebwa mpaka kwenye lundo la kuchomwa. Kazi ya kuwavunja migongo vijana watatu, Ardith aliifanya ameketi, huku akitafuna tumbaku ambayo aliwaambia watu wa kanisani kwamba ni mnanaa.

Mumewe, Delmer, ndiye aliyekuwa mtu wa mashine zamani. Kiharusi kikampiga. Mkono wa kuume ukalegea, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kila moja kama limetolewa kisimani. Akili haikuguswa hata chembe, lakini nani angejua, na mkewe anamjibia kila kitu? Ukimuuliza Delmer hali, Ardith anakuambia hajambo. Funguo za pikapu alimnyang'anya, akawa anazitia mfuko wa kifuani wa ovaroli yake. "Kaa hapo, mzee, usijichoshe," ndio wimbo aliomwimbia kutwa.

Tusimwonee bure. Mwana wao, Lyndon, anayeishi mjini Little Rock, alikuwa ameshasema wazi: siku mama akishindwa, baba anapelekwa nyumba ya wazee. Ardith aliifahamu nyumba ile. Aliwahi kumtembelea shangazi yake mle, akamkuta ameelekezwa ukutani. Tangu siku hiyo akaapa kwamba yeye hataugua wala kufa kabla ya Delmer, na akaishi kama mtu mwenye hati ya kiapo hicho kutoka mbinguni.

Sasa ikawa ni Mei, na Jumapili ya Kupamba Makaburi inakaribia. Siku hiyo kila ukoo huku hurudi kwenye makaburi yake na maua, kuku wa kukaanga na soda, na ole wake mwenye makaburi yaliyomezwa na msitu. Makaburi ya kina Gaither yako kwenye mteremko unaotazama mashariki, na upande wa chini mierezi ilikuwa imeota kati ya kaburi na kaburi mpaka mawe hayaonekani. Ukoo ulikuwa wa Delmer, kazi ikawa ya Ardith.

Asubuhi, wakila mikate ya soda na mchuzi wa soseji, Delmer aliweka uma chini.

"Ardith. Kule chini... yale ma... mawe..."

"Nisiyakanyage. Najua, mzee. Nitapita upande wa juu."

"Si... sikiliza. Ni ya mi..."

"Ni ya miaka mingi, ndiyo, yanavunjika upesi. Kula, mchuzi unaganda."

Delmer akamtazama, akachukua uma wake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Huku kwetu maiti hulazwa kichwa magharibi na miguu mashariki, ili siku ya parapanda ainuke akilitazama jua linalochomoza. Hilo mtoto wa chekechea analijua. Kwa hiyo Ardith alipokwisha kukata mierezi ya chini na kuona safu ya mawe madogo ikijitokeza, alipiga hesabu ambayo yeyote kati yetu angeipiga: mawe ni ya vichwani, vichwa viko huku, miili imelala kuelekea chini ya mlima. Basi nikipita upande wa juu wa mawe, napita nyuma ya vichwa vyao, kwenye udongo mgumu. Hesabu nzuri kabisa. Ila kaburi la zamani lina mawe mawili, kubwa la kichwani na dogo la miguuni, na yale makubwa yalikuwa yameanguka na kufunikwa na miiba ya mierezi ya miaka na miaka. Aliyoyaona Ardith yalikuwa ya miguuni. Njia aliyoichagua ilipita juu ya vifua vya watu.

Alikuwa amefumbata gogo zito la mwerezi, limelala kikingama mbele ya trekta, na ameliinua juu mno, ili aone mbele. Kosa hilo angemkemea mtu mwingine kwa saa nzima. Tena mierezi ya asubuhi ilikuwa na matawi yaliyoning'inia chini, kwa hiyo ule upinde wa chuma nyuma ya kiti, unaomkinga dereva trekta likipinduka, alikuwa ameulaza. Sheria ni moja: upinde ukisimama, funga mkanda, upinde ukilala, usifunge, upate kuruka. Ardith alikuwa ameulaza upinde na kufunga mkanda, kwa mazoea tu.

Alimwona Delmer kule juu, ameketi kwenye sehemu ya nyuma ya pikapu waliyokuja nayo, anapunga mkono wa kushoto. Ardith, vikinga masikio vimembana, akampungia na yeye. Delmer akateremka kutoka kwenye pikapu, akapunga kwa nguvu zaidi. "Ametulia leo, ana furaha," Ardith akawaza.

Gurudumu la nyuma la kulia, la upande wa bondeni, likazama.

Halikuzama polepole. Ardhi ilifunguka tu, gurudumu likaingia hadi katikati, na dunia yote ikainamia kulia. Mkono wa Ardith ukasukuma mbele, bila kumuuliza, kijiti kinachoongoza makucha, mikono ya trekta iliyoyabeba ikashuka kwa kishindo, na ncha ya gogo upande wa bondeni ikajikita ardhini. Trekta likasimama pale, limeegemea gogo, gurudumu la kushoto liko hewani linazunguka taratibu.

Akatupa vikinga masikio. Akataka kupumua, akaona hata pumzi ni uzito. Kilichomzuia asibingirike na chuma hicho chote juu yake kilikuwa gogo moja, na kilicholishika gogo ni makucha. Halafu akaona mafuta. Tawi lilikuwa limechana mpira unaopeleka mafuta kwenye taya la juu, na yalikuwa yanachuruzika. Akiachia kijiti, taya linalegea na gogo linateleza. Akikibana, injini inasukuma mafuta, taya linashika, lakini mafuta yanazidi kumwagika. Akakibana. Mkono wa kushoto akang'ang'ania ukingo wa juu wa trekta. Akiufungua mkanda, anateleza moja kwa moja kule kule trekta linakotaka kuangukia.

"Nikifa," akasema kwa sauti, "watamweka aangalie ukuta."

Delmer alikuja akiburuta mguu, akaanguka, akainuka, akaja. Alisimama upande wa mlimani, kofia imempotea, uso mweupe.

"Usisogee karibu!" Ardith akapiga kelele. "Piga simu! Mpigie mtu yeyote!"

"Fu... funguo."

"Simu, Delmer! Daktari alisema huwezi kuende..."

"Ardith." Akavuta pumzi. "Nya-ma-za."

Lo! Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwambia neno hilo. Ardith akanyamaza.

"Funguo," Delmer akasema tena.

Ilimbidi aachie ule ukingo. Akaachia, mwili wake wote ukaning'inia kwenye mkanda, trekta likalia mlio wa chuma, akaingiza vidole mfukoni kifuani, akazitoa funguo na kuzirusha. Zilianguka kwenye majani. Delmer akapiga magoti, akapapasa kwa mkono mmoja. Akapapasa, akapapasa. Ardith aliuma meno asimwambie zilipo, kwa sababu hakujua, na kwa mara ya kwanza hakujifanya anajua.

Akazipata. Akapanda mlima.

Ardith alimsikiliza kwa masikio yote mawili. Mlango wa pikapu. Kimya. Kimya kingine, kirefu, cha kutia wazimu. Mguu wake wa kuume hauwezi breki, akawaza, atakanyaga kwa wa kushoto, atachanganya, atakuja kunigonga huku huku. Hapo injini ikawaka. Pikapu ikaanza kurudi nyuma kuteremka, inayumba, inasimama, inateremka tena. Ilipita kati ya mawe mawili makubwa ya kina Gaither yaliyosimama kule juu bila kuligusa hata moja, ikasimama upande wa mlimani, hatua chache kutoka kwenye trekta.

Delmer akashuka na mnyororo begani. Ncha moja akaitia kwenye ndoano ya pikapu. Ncha nyingine akaja nayo mpaka kwenye trekta lenyewe, chini ya gurudumu lile la hewani, akaipitisha kwenye nguzo ya upinde. Kulabu ya mnyororo ikamponyoka. Akaishika tena. Ikamponyoka tena. Taya la makucha likalia, gogo likateleza kidogo, na trekta zima likashuka kiasi cha upana wa kiganja.

"Delmer, toka hapo! Toka, nakuomba! Litakuua na wewe!"

Hakutoka. Aliibana kulabu kwa paja lake, akaizungusha, ikanasa. Kisha akainua uso, na nyuso zao zilikuwa karibu sana.

"Nika... nikaze. Halafu honi. Honi ndiyo... u..."

Ardith alilijua neno linalofuata. Lilikuwa ulimini mwake, tayari. Mafuta yalikuwa yanamdondokea gotini, na kijiti kilikuwa kimeanza kuwa chepesi mkononi. Akalimeza neno na kungoja.

"...ufungue mkanda. Ruka kwangu. Kijiti mwi... mwisho."

Na hilo la mwisho hakulijua! Yeye angeachia kijiti kwanza. Angeachia kijiti kwanza, na tungemzika pale pale alipokuwa.

Delmer akarudi kwenye pikapu. Mnyororo ukainuka kutoka kwenye nyasi, ukanyooka, ukakaza mpaka ukaanza kulia. Trekta likatikisika likatulia. Magurudumu ya pikapu yakakwaruza nyasi mbichi.

Honi.

Akafungua mkanda kwa mkono wa kushoto, akajivuta kwa bega na kiwiko kuelekea juu, goti kwenye kiti, mguu kwenye ukingo, mkono wa kulia umenyooka nyuma bado umebana kijiti. Halafu akakiachia na kujitupa. Alianguka kifudifudi kwenye miiba ya mierezi, na nyuma yake taya likafunguka, gogo likaondoka, trekta likalala ubavu kwa kishindo kilichomtikisa meno. Mnyororo ukaichapa pikapu. Pikapu ikavutwa nyuma, ikateleza, breki zimekazwa na bado inateleza, Delmer ndani yake.

"Delmer!"

Ikateleza hatua chache nyingine. Ikasimama.

Ardith hakukumbuka baadaye alivyofika. Aliufungua mlango kwa nguvu akamkuta ameketi wima, mguu wa kushoto umekandamiza breki mpaka sakafuni, mkono wa kushoto umeganda kwenye usukani. Akaweka gia ya kuegesha, akaufungua mkono ule kidole kimoja kimoja. Injini ya trekta ilikohoa kule chini, ikazimika, na ndege wakaanza tena kelele zao.

"Mjinga wewe!" Ardith akafoka, machozi yakimtoka. "Mzee mjinga! Kusimama chini ya trekta! Ungekufa! Unajua nilikuwa nawaza nini pale juu? Nilikuwa nawaza, nikifa, Lyndon atakupeleka kule, watakuweka uangalie ukuta, nani atakukatia nyama, nani atakufunga vifungo, nilikuwa nawaza hayo tu, hayo tu!"

Delmer alimwacha amalize. Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Mimi," akasema, "sikuwaza... ukuta. Nilikuwaza wewe." Akapumzika. "Wewe ulikuwa... unakufa. Na bado... ukanihesabu mzigo?"

Angeweza kusema hapana. Mtu yeyote angesema hapana, na ingekuwa adabu njema. Lakini alikuwa na miiba kwenye nywele na mafuta kwenye magoti, na uongo ulikuwa umemwishia.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuhesabu mzigo, Delmer. Siku nyingi. Nikauita mapenzi."

Delmer akaitikia kwa kichwa taratibu. Hakukasirika. Alitazama kule chini, trekta limelala ubavu kama ng'ombe aliyevimbiwa, na shimo lile jeusi lilipo kaburi la mtu wa ukoo wake.

"Na mimi... nikuambie yangu," akasema. "Siku nyingi... ukipita na hilo trekta... nilikuwa naomba. Naomba Mungu... uanguke."

Ardith akamkodolea macho.

"Kidogo tu," akasema Delmer. "Siyo hivi. Kidogo tu... unihitaji."

Ardith alipanda akaketi kando yake, akamwegemea kwenye bega lile bovu, akalia mpaka likalowa. Walibaki hivyo mpaka jirani aliyesikia kishindo alipofika na trekta lake kubwa, akachungulia dirishani na kuuliza kuna aliyeumia.

Ardith hakujibu. Jirani akaona ajabu, akamtazama Delmer, na Delmer akaanza kumweleza, neno moja moja, tangu mwanzo.