Bia ya Moshi wa Garissa, na Mama Niliyemficha Ukweli

Wakuu, salaam aleikum na habari zenu, wanywaji na wasiokunywa.

Nimewasoma humu wiki nzima mkibishana kuhusu craft beer, hizi bia za viwanda vidogo. Mmoja wenu akauliza kama kuna mtu kwenye jukwaa hili aliyewahi kuosha tangi la bia kwa mkono wake. Mimi nimeosha. Nilifanya kazi katika kiwanda cha bia Nairobi miaka mingi kabla ya kuhamia Garissa, na Garissa ndiko nilikozeekea. Elimu yangu ni Form Four, lakini kimea nakijua kwa kukitafuna tu.

Nitawapa maoni yangu, halafu nitawaeleza jambo nililolifanya mwenyewe. Sitaongeza chumvi. Iliyomo inatosha.

Tuanze na hizi IPA, bia chungu zenye ukungu, zinazofanana na maji ya Tana wakati wa mafuriko. Kijana analipia glasi moja bei ya kuku mzima. Mimi nasema nusu yake ni kelele. Hops, yale maua yanayoipa bia uchungu, zinatoka ng'ambo, zinakaa bandarini, zinafika hapa zimechoka. Mtengenezaji anaongeza nyingine, halafu nyingine tena, na ulimi wako unadhani ukali ndio ubora. Anayetaka kubishana na abishane, lakini kwanza aweke IPA yake kando ya bia nyepesi iliyopikwa vizuri. Kwenye bia nyepesi hakuna pa kuficha kosa.

Trend ya bia ya mtama naiunga mkono kwa mikono miwili. Ila wasituambie wameuvumbua. Nyanya yangu kule Mwingi angecheka mpaka akae chini.

Na bia zisizo na kilevi? Mnazicheka bure. Ni kazi ngumu kuliko zote, na soko lake ni kubwa. Ingieni duka lolote hapa Garissa muone makopo ya kimea kitamu yanavyotoka mchana wa jua. Watu wanapenda ladha ya kimea. Ni kilevi ndicho hawakitaki, na wana sababu zao.

Sasa trend ya nne, ile ya hadithi kwenye lebo. Bia haiuzwi tena kwa ladha peke yake. Lazima kuwe na asali ya kijiji fulani, au tunda la mlima fulani, na picha ya mama mmoja anayetabasamu.

Hapo ndipo nina kesi ya kujibu.

Kuna binti anaitwa Mwende. Baba yake tulifanya kazi pamoja zamu moja, na alipofariki nikabaki kuwa kama ami yake. Mwende ana kiwanda chake kidogo Nairobi, matangi manne tu, na anajua kazi kuliko sisi tulivyojua. Alinipigia simu akasema anataka kupika bia nyeusi yenye moshi, lakini si moshi wa kuagizwa kutoka Ulaya. Anataka moshi wa hapa nyumbani.

Nikamwambia, moshi mzuri kuliko wote Kenya uko kwa jirani yangu.

Jirani yangu nitamwita Mama Halima. Ni Msomali, mjane, anauza maziwa ya ngamia sokoni. Tumekaa ua kwa ua zaidi ya miaka ishirini. Mke wangu alipougua, ni yeye aliyekuwa akimletea uji kabla mimi sijaamka.

Mama Halima anasuka dhiil, chombo cha maziwa. Kinasukwa kwa nyuzi za mizizi, zinabana mpaka tone halipiti. Kikikauka, anawasha vijiti vya mti anaouchagua mwenyewe, anaweka kaa la moto ndani, anafunika, anatikisa, anamwaga, anarudia. Maziwa yakikaa humo hayaharibiki upesi, hata safari ya siku kadhaa kwenye joto hili. Na yana harufu ambayo ukiizoea, maziwa ya pakiti unayaona kama maji ya kuoshea sufuria.

Hayo yote nikamweleza Mwende kwenye simu. Halafu akasema, "Ami, nitafutie vinne. Bia nitailaza humo ndani. Lakini mwombe huyo mama kwanza, umwambie ni ya nini."

Nikasema sawa.

Wakuu, nilienda kwa Mama Halima nikiwa na hilo neno mdomoni. Nikamkuta anachagua mizizi kivulini mwa ukuta. Nikamwita abaayo, dada, kama tunavyoitana hapa mtaani. Nikamwambia nataka dhiil nne.

Akaniuliza za nani.

Nikasema ni za binti wa rafiki yangu, yuko Nairobi.

Akaniuliza kwa lafudhi yake ya Kisomali, "Anabenda maziwa?"

Nikasema anapenda sana.

Ni hivyo tu. Uongo wangu ulikuwa mfupi hivyo. Nilijua nikitaja bia atakataa, na nilitaka Mwende afanikiwe, na nilitaka kuonekana kule Nairobi kama mzee anayejua vitu. Msinitafutie sababu nyingine. Hakuna.

Mama Halima alifurahi kupita kiasi. Kwa akili yake, msichana wa mjini anayeagiza vyombo vya maziwa ni msichana anayetaka kuolewa, maana kwa desturi yao bibi harusi haendi kwake bila vyombo vyake. Wiki tatu akasuka. Alipomaliza vile vinne akaongeza cha tano, kidogo, chenye mistari miwili ya kauri shingoni. Alikuwa amekisukia mjukuu wake wa kike anayeolewa El Wak. Akasema mjukuu atangoja, atamsukia kingine, huyu wa Nairobi hana bibi wa kumsukia.

Nilikipokea. Mikono yangu ilikipokea.

Jioni hiyo Mwende akanipigia kuuliza kama mama amekubali. Nikasema amekubali. Akaniuliza tena, amekubali akijua ni bia? Nikasema ndiyo. Basi ukihesabu uongo, ni mara mbili, na wa pili niliusema nikiwa nimekaa, nimetulia, sina haraka.

Bia ilitoka. Mwende alinitumia chupa moja na dereva wa basi, imefungwa kwa gazeti. Niliinywa chumbani, peke yangu.

Lazima niseme kweli kama nilivyoahidi: ni bia bora kuliko zote nilizowahi kuonja. Moshi unakuja mwisho, polepole, umekauka, unakaa kooni kama neno ambalo mtu hajamaliza kulisema. Kama ingekuwa mbovu, labda ningejuta mapema.

Halafu nikaisoma lebo. Kulikuwa na picha ya kile chombo kidogo chenye kauri. Chini yake pameandikwa, kwa jina lake halisi: kutoka mikononi mwa Mama Halima, Garissa.

Jina lilitoka kwangu. Mwende aliliweka kwa heshima, akidhani anamshukuru.

Mtu mmoja wa hapa anayefanya kazi Nairobi aliiona hiyo chupa kwenye maonyesho ya bia. Akapiga picha, akaiweka kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa. Kufikia Ijumaa, Garissa nzima ilikuwa imeiona isipokuwa mwenye jina, kwa sababu simu yake ni ya kubonyeza.

Yeye aliona tu mambo yanabadilika. Mwenye hoteli aliyekuwa akichukua maziwa yake ya chai kila asubuhi akasema ana ya kutosha. Wanawake waliokuwa wakikaa naye wakasogeza madumu yao upande wa pili. Mteja mmoja alifungua kifuniko, akanusa, akafunika, akaenda zake. Siku ya nne akarudi nyumbani na maziwa yote, yameganda.

Mkaza mwanawe ndiye aliyemwonyesha picha.

Alikuja kwangu na ile simu mkononi. Hakuketi.

"Walal," yaani kaka, "hii ni yangu?"

Nikasema ni yako.

"Ndani kuna nini?"

"Bia."

"Siku umechukua, ulijua?"

Wakuu, ningeweza kumsingizia Mwende. Alikuwa mbali, na Mama Halima hamjui. Lile neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi kama lile la kwanza.

Nikasema, "Nilijua."

Sikuona hasira usoni mwake, na hasira ningeivumilia. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka alinijulia wapi.

Kisha akasema, "Mimi nikisema sokoni, watasema najitetea. Nenda wewe useme."

Nilimpigia Mwende kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Nilikuuliza mara mbili, ami." Hakusema lingine juu yangu. Siku hiyo hiyo alizitoa chupa zote sokoni akabandua lebo, akafuta picha kwenye ukurasa wake, akaandika kwamba mama hakuombwa ruhusa. Alimwaga bia iliyobaki kwenye tangi. Bia ile. Mimi niliyewahi kuosha matangi najua inavyouma kufungua bomba la namna hiyo.

Asubuhi ya pili nikaenda soko la maziwa. Wanaume hatuna kazi pale, wauzaji wote ni akina mama. Nilipokaribia, mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Mzee wa bombe amekuja kutoa khutba." Wakacheka. Haki yao.

Nikavua kofia. Nikasema mimi ni Kyalo, mnanijua, ni Mkristo, na bia naijua tangu ujana. Nikasema Mama Halima hakuuza chombo cha bia. Aliuza chombo cha maziwa kwa mtu mwongo, na mwongo ni mimi. Kuna mama aliyekuwa akitafsiri kwa Kisomali kwa wale wazee zaidi, na nikaona anatafsiri kwa ufupi kuliko nilivyosema. Pengine ndivyo ilivyofaa.

Kicheko kikaisha. Bibi mmoja mkongwe, ambaye hakuwa amecheka tangu mwanzo, akauliza swali moja tu. Vile vyombo vilirudi kwake?

Nikamwelewa. Hilo ndilo lililokuwa likiwazuia. Mtu akiwa amedanganywa, hana kosa. Lakini chombo kilichoshika pombe kikirudi nyumbani kikatiwa maziwa, basi kila aliyeyanunua ameingizwa kwenye haramu hiyo.

Nikasema havikurudi hata kimoja. Vyote vitano viko Nairobi, na havitavuka daraja la Tana kuja huku.

Akaniambia niape. Nikaapa kwa Mungu aliyeniumba. Akageuka kwa wenzake akasema maneno machache, na yule mama wa karibu akaninong'onezea maana yake: mtu hajivui nguo sokoni kwa jambo la uongo.

Mwenye hoteli alirudi baada ya siku mbili. Wengine walichukua wiki, wengine mwezi. Wawili hawajarudi mpaka leo, na sidhani watarudi. Vyombo Mwende alivichoma, kwa agizo la Mama Halima mwenyewe, hata kile cha kauri. Mjukuu aliolewa El Wak na chombo kilichosukwa haraka haraka. Mama Halima anasema kinavuja kidogo chini.

Nilimwomba msamaha mara tatu. Mara ya tatu akasema amesamehe, nisirudie kuomba, inamchosha.

Wakuu, somo langu ni hili, na nalisema bila kusitasita. Trend ya vitu vya nyumbani ni nzuri na itadumu kuliko hizo IPA zenu. Ila kabla hujatia kitu cha mtu kwenye tangi lako, mwambie tangi lina nini. Akikataa, amekataa. Hapo hakuna bia, hata kama ingekuwa bora duniani. Na ukitumwa kuomba, omba. Usimjibie mtu ambaye hujamuuliza.

Kabla ya kuandika uzi huu nilimwomba ruhusa. Nilimweleza jukwaa ni nini, kwamba watasoma watu nisiowajua, na kwamba wengi ni wanywaji. Alikaa na hilo neno siku tatu. Kisha akanijibu akiwa mlangoni: "Andika. Jina lako liwepo. Langu lisiwepo."

Kwa hiyo Halima si jina lake. Kyalo ni langu.

Wenye viwanda vidogo mliomo humu, nataka kuwasikia nyinyi hasa. Kama uliwahi kuomba kitu ukakataliwa, ulifanya nini? Na wa Garissa mnaomjua huyu mama, changieni, lakini jina lake msilitaje.