Somo Ambalo Bernadeta Hakulisoma

Bernadeta Mihayo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Mkolani, Mwanza, na kitu kimoja tu kilimnyima raha: shahada. Si kwamba watoto wa darasa la tatu walikuwa wakimdai. Ila walimu vijana waliomkuta kazini, waliokuwa wakimwamkia shikamoo kila asubuhi, walikwenda kusoma, wakarudi na shahada zao, wakawa wakubwa wake. Naye akapiga moyo konde, akaomba ruhusa ya masomo ya miaka mitatu. Akapewa, na akaambiwa wazi kwamba hakuna nyongeza.

Akajiunga na chuo kimoja kidogo upande wa Nyakato. Miaka miwili ikaenda vizuri, kisha chuo kikafunga kozi ya ualimu kwa kukosa wanafunzi. Waliokuwapo wakaambiwa kwa upole wasiwe na wasiwasi, krediti za masomo waliyokwisha kuyafaulu ni mali yao, waende nazo popote. Bernadeta akazipeleka chuo kingine, hiki cha katikati ya mji, chenye mlinzi wa getini anayeuliza maswali magumu kuliko wahadhiri. Wakizipokea zote, angeingia mwaka wa tatu na kumaliza pamoja na ruhusa yake. Zikikataliwa, angerudi Mkolani kama alivyotoka.

Kamati ya taaluma ikakaa, ikaahirisha, ikakaa tena. Hatimaye ofisa udahili, dada mpole aitwaye Odeta, akamwita ofisini.

"Mwalimu, masomo yako yote yamepokelewa isipokuwa moja, Misingi ya Elimu. Kamati imeona halifikii kiwango cha hapa."

"Nilipata A."

"A ya kule. Na bila Misingi huruhusiwi kuingia mwaka wa tatu. Itabidi ulisome mwaka huu na wale wa mwaka wa kwanza."

"Mwaka mzima kwa somo moja?"

"Utapata na nafasi ya kupumzika," alisema Odeta, na kwa kweli alitaka kumfariji.

Bernadeta alikasirika. Akauliza ni nani katika kamati hiyo anayejua alivyofundishwa kule Nyakato. Akaelekezwa mlango wa mwisho, kwa mtaalamu wa somo. Kuufungua mlango, akamkuta Dokta Mashimba, yule yule aliyemfundisha Misingi ya Elimu kule Nyakato.

Msomaji wa Mwanza hatashangaa. Dokta Mashimba alikuwa asubuhi chuo hiki, mchana kile, jioni cha tatu, na kote noti zilikuwa zile zile, zikitolewa kopi kwa mama mmoja wa steshenari. Wanafunzi walijua, wakuu wa vyuo walijua, na hakuna aliyewahi kulisema jambo hilo kikaoni.

"Dokta, si wewe uliyenifundisha?"

"Ni mimi, na ulikuwa mwanafunzi mzuri sana. Lakini kwenye kamati sikukaa kama mwalimu wa kule. Nilikaa kama mjumbe wa hapa."

"Kwa hiyo ulichonifundisha hakikutosha?"

"Kwa kule kilitosha." Dokta akaangalia saa. "Nikisema somo la kule ni sawa na la hapa, mkuu wa chuo ataniuliza chuo chake kina tofauti gani na cha kule. Nimjibu nini, mwalimu?"

Basi Bernadeta akaenda kukaa darasani na watoto wa kuwazaa. Walimchagua kiongozi wa darasa siku ya kwanza, kama ilivyo desturi wakimwona mtu mzima mwenye mkoba wa heshima. Kazi ya kiongozi ni kumpigia mhadhiri simu na kumuuliza yuko wapi. Dokta Mashimba kila mara alikuwa njiani, na punde akaona njia ya mkato.

"Mwalimu Bernadeta, naomba unishikie kipindi. Noti si unazo?"

Alikuwa nazo, zile za Nyakato. Akashika kipindi hicho, na kilichofuata, na vingine vyote hadi mwisho wa muhula. Alifundisha kwa hasira, na pengine ndiyo sababu alifundisha vizuri. Vijana walianza kumwita madam. Mtihani ulipokuja, Dokta Mashimba alirudi kuusahihisha mwenyewe, akampa C, na kumweleza kwamba viwango vya hapa viko juu.

Mwaka ukaisha, ruhusa nayo ikaisha. Bernadeta akarudi Mkolani akiwa na mwaka wa tatu ambao hakuuingia, na wale vijana wenye shahada wakampokea kwa heshima zote, wakampangia darasa la tatu.

Siku moja akatembelewa na Collins Opiyo, kijana wa Shirati aliyekuwa darasa moja naye katika ule mwaka wa somo moja. Collins alikuwa amehamia chuo cha karibu na kwao.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, Collins. Krediti zako walizipokea?"

"Zote, hata ile ya Misingi ya Elimu. Walisema inaonekana nilifundishwa vizuri sana. Ndiyo maana nikasema nije kukushukuru."

Bernadeta alifurahi kutoka moyoni, akamvutia kiti akae.

"Waliniuliza na jina la mwalimu," Collins akaendelea, sasa akitazama chini. "Nikamtaja Dokta Mashimba. Unisamehe, madam. Ningekutaja wewe wangeikataa, maana huna shahada."

"Ulifanya vizuri," Bernadeta alimwambia. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba kijana alikuwa amesema kweli.