Stima Iliporudi

Miaka ya tisini niliandika programu ya kuendesha mashine ya kuchakata mkonge katika kiwanda kimoja karibu na Voi. Kwanza nilichora hali zote za mashine: imezimwa, inazunguka, imekwama. Kompyuta ikaufuata mchoro wangu na kutunga yenyewe mamia ya majaribio ya kuipima programu. Programu ikayapita yote, nami nikatembea kiwandani kifua mbele.

Kumbe sikuchora stima kupotea. Mimi, niliyezaliwa Voi! Nyumbani kwetu stima ikipotea hakuna aliyezima swichi. Tuliiacha hivyo hivyo ili tujue ikirudi. Siku moja stima ikapotea kiwandani, na mzee wa zamu naye akaiacha swichi hivyo hivyo, akaingiza mkono mashineni kutoa nyuzi zilizokwama. Stima ikarudi, na programu yangu, ilipokuta swichi haijazimwa, ikaizungusha mashine. Kwa bahati ilinasa mkono wa shati tu, ukachanika hadi begani.

Mzee alinijia. "Nisamehe mwanangu, nimekuharibia mashine."

Nilijua kosa ni la nani. Lakini wakubwa walikuwa wamesimama pale wakisikiliza, nikamjibu, "Hakuna neno, mzee. Siku nyingine uwe mwangalifu."