Skrubu Fupi

Kiwanda cha kamera mjini Okaya, karibu na ziwa Suwa, kilipofungwa, Sugie Hatakeda, fundi wake wa zamani, alinunua mashine yake moja ya kukereza chuma, akaiweka bandani nyuma ya nyumba. Huko alitengeneza pete za kuunganishia lenzi za zamani na kamera za siku hizi. Watu walimfuata kutoka mbali.

Mwisho wa majira ya baridi alikuja Nezu, mwalimu mstaafu, na lenzi ndefu kama mkono wa mtu mzima. Ilikuwa ya mdogo wake marehemu, aliyekuwa akipiga picha bata-maji weupe wa ziwa Suwa kila mwaka. Nezu alitaka kuwapiga picha ndege hao kwa lenzi ileile. Sugie aliomba siku kumi. Nezu akamsihi, maana ndege walikuwa karibu kurudi kaskazini. Sugie akakubali siku nne.

Siku ya nne pete ilikuwa tayari, ila skrubu alizobaki nazo bandani zilikuwa fupi kidogo kwa mzigo ule. Alizikaza, akaivuta pete kwa nguvu, ikashika. Alipomkabidhi Nezu alimwonya kwamba asibebe kwa kushika kamera, ashike lenzi yenyewe.

Baada ya siku tatu Nezu alirudi na lenzi ndani ya taulo. Ilikuwa imechomoka na kugonga mawe ya ufukweni, kioo cha mbele kikapasuka. Aliinama akaomba radhi: alikuwa ameshika kamera, kosa ni lake.

Sugie alimmiminia chai. Angenyamaza, mambo yangeishia hapo.

“Bwana Nezu,” alisema, “skrubu zilikuwa fupi.”

“Ulijua kabla hujanipa?”

“Nilijua.”

“Mimi ndiye niliyekuharakisha, mama.”

“Uliniharakisha, lakini bisibisi nilishika mimi.”

Nezu alisimama akaondoka bila kugusa chai. Lenzi aliiacha.

Sugie alitafuta miezi saba hadi akapata lenzi nyingine ya aina ile, mwili umeoza kwa kutu lakini kioo cha mbele kizima. Alikihamishia kwenye lenzi ya Nezu, akakereza pete mpya, akatuma vyote kwa posta pamoja na barua ya kuomba radhi.

Ilirudi kadi yenye neno moja: “Imefika.” Sugie aliisoma mara nyingi, akitafuta hasira au msamaha, asione hata kimoja. Tangu hapo hapokei tena lenzi nzito.