Dungu la Pili

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo mwili unanisisimka. Ni siku niliyofika shambani kwa mama yangu, kule bonde la Chumbi, nikakuta madungu mawili mahali nilipotegemea moja. Sijui kama wewe wa siku hizi umewahi kulala dunguni. Ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, kina ngazi, na wakulima wetu huhamia humo msimu wa mpunga ili wawinge ndege na kukwepa maji.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nauza vitenge Kibiti. Nilikuwa na watoto wawili, Salma na Hamisi, na kiburi cha kuwatosha watu kumi. Kila likizo ya mwezi wa sita ilipokaribia, mama alituma ujumbe niwapeleke wajukuu dunguni. Nami kila mara nilijibu kwamba tutakuja mwakani, maana mwaka huu tunakwenda Unguja. Majirani nao nilikwishawatangazia Unguja hiyo mpaka wakaizoea. Kwangu mimi likizo ilikuwa kupanda boti na kupiga picha. Kwenda dunguni ilikuwa kurudi shamba, na shamba nilikuwa nimelikimbia.

Basi ikapita miaka minne. Unguja hatukwenda, uwezo haukuwepo. Dunguni hatukwenda, niliona aibu. Watoto walimaliza likizo mbele ya televisheni, mapazia yameshushwa ili majirani wasijue kuwa tupo. Cheka, mwanangu, lakini usicheke sana.

Mwaka wa tano Salma aliniuliza kama bibi yake bado yu hai. Aliuliza kawaida tu, huku anakula. Mimi nililirudisha tonge sahanini. Kutoka Kibiti kwenda Chumbi ni safari ya gari na mwendo kidogo wa miguu, na mtoto wangu hajui kama bibi yake yu hai. Kesho yake asubuhi tuliondoka.

Nilipoona dungu la pili nilidhani mama kampa mtu sehemu ya shamba. Lilikuwa limeezekwa upya, na vipandio vya ngazi vimekaribiana, vya miguu mifupi. Mzee Mpange, jirani yake wa shamba, ndiye aliyenieleza kuwa lile ni letu, mimi na watoto. Mama hulijengesha kila mwaka, maji yakilibomoa hulijengesha tena, na likizo ikikaribia hutandika mkeka ndani. Niliduwaa pale kwenye matope. Miaka yote ile mimi nimejificha nyuma ya pazia, yeye anatandika mkeka.

Mama alikuwa amekaa kivulini, chini ya dungu lake, anachambua majani ya kunde. Nilisimama hatua mbili mbele yake, natabasamu, nasubiri anione. Akaendelea kuchambua. Kisha akainua uso, akatazama pembeni yangu.

"Nani hapo?"

Nikamwambia ni mimi, Zuhura, na wanangu. Akanyoosha mikono, akawavuta watoto mmoja mmoja, akawapapasa nyuso zao kuanzia paji la uso mpaka kidevuni, taratibu, bila haraka yoyote.

"Nilitaka niwaone wangali wadogo," alisema.

Macho yalianza kumpotea mwaka wa pili wa mialiko yake, na alimkataza Mzee Mpange asinieleze. Nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, kwa nini alinificha. Akanijibu kwa utulivu: "Ningekwambia, ungekuja kumtazama mgonjwa. Mimi nilikuwa nakualika uje utembee."

Tulikaa wiki mbili. Watoto walijifunza kutupa kombeo, na mama ndiye aliyewaelekeza, kwa masikio tu, ndege wametua upande gani. Walikula pepeta, mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa, mpaka wakakataa ugali. Hamisi alivua kambale mkubwa akalala naye kando, hataki apikwe. Sijapata kuwasikia wanangu wakicheka vile, na kila walipocheka mama aligeuza uso kuufuata mlio. Mimi niliteremka ngazi nikaenda kulia mpungani.

Tulipomaliza likizo nilimpeleka hospitali. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba tungewahi miaka miwili nyuma pangekuwa na la kufanya. Maneno yale nayabeba hadi leo.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Likizo ya watoto usiipime kwa umbali wala kwa picha utakazowaonyesha watu. Kama uwezo wa kwenda mbali upo, nenda kwa heri. Kama haupo, usifunge mlango ukawaficha watoto ndani kwa kuona haya. Wachukue uwapeleke kijijini Ngorongo, uwapeleke Ngarambe, kokote aliko mtu wa kwenu aliyekutumia ujumbe. Na usiseme mwakani. Mimi niliisema mara nne.

Siku hizi shamba lile nalilima mimi, na kila msimu najengesha dungu la pili, ngazi yake vipandio vya karibukaribu. Mwenyezi Mungu akupe safari njema na wanao, na akufikishe kwa wanaokungoja wakiwa bado wanakuona.