Aliyeitwa Kabla ya Kuzaliwa

Kovu langu liko juu, karibu na mbavu. Wenzangu sokoni wakiliona huuliza ni upasuaji gani huo, nami huwaambia ni wa kidole tumbo. Hawaniamini hata kidogo.

Mimba ilikuwa ya miezi sita. Mume wangu alikuwa kisiwani Rukuba akivua, basi nikatoka kwetu Kamunyonge, mjini Musoma, nikaenda kupumzika kwa mama, Butiama. Maumivu yalianzia kitovuni, nikatapika uji wote. Kesho yake yakahamia kulia, juu. Mama alinipapasa akatoa hukumu: mtoto amepanda, amejibana ubavuni. Akaleta samli ya ng'ombe wake, akaanza kunikanda ili amrudishe chini. Kwa mama samli iliponyaga kila kitu, hata ugomvi. Yesu wangu, nililia. Homa ilipopanda aliacha ubishi, akamkimbilia jirani aliyekuwa akipakia garini pamba ya kupeleka Bunda. Jirani alishusha marobota, akatupeleka Musoma.

Daktari alikuwa binti mdogo, mama akamwangalia kwa mashaka. Alinipima damu na mkojo, akanipiga ultrasaundi, akabonyeza ule upande wa kulia nikaruka. Alitueleza taratibu kwamba mtoto ni mzima, ila kidole tumbo kimevimba. Kwa mtu mwingine huuma chini, lakini mji wa mimba ukikua hukisukuma juu, ndiyo maana hudanganya watu. Akakataza kukanda. Mama aliomba tungoje kwanza nijifungue, ndipo nichanwe.

"Mama, kikipasuka humo ndani tutampoteza mtoto," daktari akasema, "na huyu binti yako pia tunaweza kumpoteza. Leo kisu ndiyo usalama wao."

Mama akakubali nichanwe. Kwao mtoto wa tumboni haitwi jina. Anaitwa mgeni, basi, mpaka aonekane, kwa sababu ukimtaja mapema na mabaya nayo yanasikia. Katika hilo mama hakuwa na mchezo. Nikitaja jina tu, nilifinywa. Lakini waliposukuma kitanda changu kwenda chumba cha upasuaji aliwasimamisha, akaweka mkono wake wenye harufu ya samli juu ya tumbo langu, akamwita mgeni kwa jina la mama yake mzazi. Aliita kwa nguvu, kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya boma.

"Usiende," akasema. "Nimekuita."

Nikamuuliza, je, akiwa wa kiume? Akasema atazoea.

Alizaliwa wa kike, miezi yake imetimia. Mama alimbeba mgongoni mpaka majirani wakasema mtoto atasahau kutembea. Mwaka jana mama aliugua, akatuacha. Ninamtamani mama yangu, sina namna nyingine ya kulisema. Kibuyu chake cha samli kiko kabatini kwangu na samli yenyewe sijaipikia. Huwa nakifungua, nanusa, nafunga.

Sasa nina mimba nyingine, na kovu linavuta kila ninapoinama kuanika dagaa. Mama mkwe ameshanionya kwamba mgeni haitwi, nami nimeitikia kwa adabu. Ila nikibaki peke yangu naweka mkono juu ya tumbo, naita jina la mama. Mgeni akicheza, naitika: abee, mama.